Trek ya zamani na usukani uliopinda

Mwaka 2018 nilinunua kwa muuza mitumba wa Arusha baiskeli ya milimani aina ya Trek 930, toleo la mwanzoni mwa miaka ya 1990, yenye fremu ya chuma, foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) isiyo na springi, na breki za kantileva, yaani mikono miwili inayobana rimu inapovutwa na waya wa katikati. Wanunuzi wengine waliipita wakitafuta springi na breki za diski. Mimi niliipenda kwa kuwa fremu ilikuwa nzima na foku yake ilipitisha tairi pana, na anayeijua barabara ya vumbi ya Ngare Nanyuki, upande wa mashariki wa Mlima Meru, anajua kwamba huko tairi pana ndiyo springi yenyewe.

Nilikusudia kuifunga usukani uliopinda wa baiskeli za mashindano, ili katika safari ndefu mikono ipate kubadilisha mahali pa kushika. Jambo hilo si geni: mwaka 1990 mwendesha baiskeli Mmarekani John Tomac alishindana na usukani wa namna hiyo katika mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani huko Durango, Colorado.

Fundi niliyempelekea kazi, mzee ambaye nilimwamini tangu utotoni, aliushika usukani juu ya stemu ya zamani, kile kipande kinachounganisha usukani na foku, akanitazama.

“Mwanangu, ukiufunga hapa utalala kama mtu anayeogelea.”

“Tufanyeje, Mzee?”

“Stemu fupi kwenda mbele, tena ndefu kwenda juu.”

Alikuwa sahihi kabisa, kwani usukani uliopinda husogeza mikono mbele kwa karibu sentimita kumi, ilhali fremu za milimani za enzi ile zilichorwa ndefu kwa usukani ulionyooka. Tatizo ni kwamba waya wa breki ya mbele ulikuwa ukipita ndani ya stemu ile ile tuliyoiondoa. Mzee alikata bapa la chuma, akalitoboa, akalikunja kwa subira na kulibana chini ya nati ya shingo, pale usukani unapoingia kwenye fremu, likawa kituo kipya cha kushikilia ala ya waya. Kazi ile ninaistahi kuliko kifaa chochote cha dukani.

Breki zenyewe hatukuzibadilisha. Vishikio vya breki vya mashindano huvuta waya kidogo tu, na kantileva hutosheka na mvuto huo; breki za V, zenye mikono mirefu zaidi, zingehitaji karibu mara mbili yake. Gia tuliziwekea vibadilishio vya kwenye ncha za usukani, visivyo na mibofyo ya hatua kwa hatua, hivyo vilikubali bila ubishi.

Nilipanda hadi Ngare Nanyuki nikiwa nimenyoosha mgongo vizuri, viganja bila ganzi. Wakati wa kushuka kuelekea Usa River breki ya mbele ilinilazimu kuikamata kwa nguvu, hivyo nikarudi kwa Mzee. Aliushusha waya mfupi unaounganisha pande mbili za kantileva, akakaza, akaniambia nijaribu tena mteremko ule ule. Safari hii vidole viwili vilitosha.