Mazoezi Mwanza: tambarare kwanza, mlima baadaye

Wengi wanaoacha mazoezi katika jiji hili hawaachi kwa uvivu, wanaachishwa na mapaja. Mtu anaamka Jumatatu, anapandisha kilima cha Isamilo kwa mchakamchaka, anateremka mbio, Jumatano anashuka ngazi kinyumenyume, na Alhamisi raba zimerudi uvunguni.

Kinachoumiza hapo ni kuteremka kuliko kupanda. Ukiwa unashuka, msuli wa mbele wa paja unajikaza ili usiporomoke, na wakati huohuo unavutwa urefuke. Nyuzi zake zinapata michubuko midogo, na maumivu yanazidi siku ya pili au ya tatu. Yataisha yenyewe, ila hamu ya kurudi barabarani nayo inaisha.

Kwa hiyo wiki tatu za mwanzo tafuta tambarare: barabara ya kando ya ziwa kuelekea Capri Point kabla haijaanza kupanda, au uwanja wa shule ulio jirani. Anayekaa mlimani ashuke kwa kutembea, hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo, aanze kukimbia akifika chini.

Ratiba yenyewe ni nyepesi, na inatakiwa iwe hivyo. Tembea dakika 5. Kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8, kisha malizia kwa kutembea dakika 5 nyingine. Mara tatu kwa wiki, usiunganishe siku. Wiki ya tatu, kimbia 2 na utembee 2, mara 6. Kasi sahihi ni ile inayokuruhusu kumaliza sentensi nzima ukiongea na mwenzako. Ukijibu kwa neno mojamoja, punguza. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ratiba hii inakupa kama 100, zilizobaki zipate kwa kushuka daladala kituo kimoja kabla ya chako na kutembea haraka.

Raba za mtumba zinafaa, ila zikague. Iweke mezani uitazame kwa nyuma: ikilalia upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza ameshaimaliza. Kisha ikunje. Inatakiwa ikunjike kwenye vidole. Ikivunjikia katikati ya unyayo, mrudishie muuzaji hata kama bei ni ya kutupa.

Kuhusu hamu, usiingoje. Funga mazoezi kwenye jambo ambalo unalifanya tayari: baada ya swala ya alfajiri, ukishawapeleka watoto shule, au ukishafunga duka. Ukitoka kabla ya mapambazuko, kimbia upande wa kulia wa barabara ili uyaone magari yanayokuja, maana kuna bodaboda wanaotembea bila taa. Na achana na habari za kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta watu walihitaji kati ya siku 18 na 254 hadi jambo lifanyike bila kujilazimisha, na wastani ulikuwa 66. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Mvua ikikukatalia Jumatano, toka Alhamisi, wala usijitoze deni la kukimbia mara mbili.

Chakula cha kwetu hakina shida kubwa. Dagaa waoshwe mpaka mchanga uishe, wakaangwe bila mafuta kwanza, ndipo uweke nyanya na vijiko viwili vya mafuta. Sato wa kuchoma, mboga za majani nusu ya sahani, na ugali upungue kidogo. Mharibifu ni soda ya kujipongeza: kola ya mililita 330 ina gramu 35 hivi za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Kunywa maji kwanza, halafu uone kama bado unaitaka.

Jambo la mwisho ni kujitosa ziwani baada ya jasho. Kwenye maji ya kina kifupi yenye majani wapo konokono wanaotoa vijidudu vya kichocho, navyo hupenya kwenye ngozi ndani ya dakika chache tu. Oga nyumbani. Kama ulishaogelea, nenda kituo cha afya ukawaeleze hivyo wakupime, hata kama huoni damu kwenye mkojo. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na inatibu.