Nyumba ya mawe ya Yorkshire: kuta zimesimama, sasa ni zamu ya paa

Kuta zote nne zimekamilika. Kwa anayefuatilia kuanzia leo: natengeneza modeli ya nyumba ya mkulima wa Yorkshire Dales, kaskazini mwa Uingereza, ya aina iliyojengwa sana huko nusu ya pili ya karne ya 17. Kipimo ni 1:50.

Ukuta halisi una unene wa sentimita 60 hivi, kwa hiyo wangu ni milimita 12. Kwa kweli ni kuta mbili zilizopeana mgongo, katikati kumeshindiliwa vijiwe, na hapa na pale hulazwa jiwe refu linalozishika zote mbili zisiachane. Upande mmoja nimeuacha wazi ili haya yaonekane. Vinginevyo ningekuwa nimejenga boksi. Kilichoshika mawe ni chokaa. Siku hizi wengine huziba viungo kwa saruji, unyevu ukakosa pa kutokea, na jiwe likaanza kumomonyoka. Fundi wa Mji Mkongwe Zanzibar hahitaji kuelezwa hili.

Madirisha yamekwenda haraka: mapana, mafupi, yamegawanywa kwa vijiguzo vya mawe, na juu yake kuna ukingo uliotokeza wa kutupa maji ya mvua pembeni. Linta ya mlango, yaani jiwe linalolala juu yake, ndiyo iliyokula muda. Wenye nyumba hizi walipenda kuchonga hapo mwaka na herufi tatu: ya ukoo juu, chini yake ya mume na ya mke. Nimechonga 1684 kwenye plasta kwa ncha ya sindano, huku nimeinamia kioo cha kukuzia. Herufi ina urefu wa milimita 2. Namba 8 imekaa upande kidogo, nami nimeiacha. Waashi wa vijijini nao hawakuwa wachapaji.

Sasa paa, ambalo kwangu ndilo uzuri wote wa nyumba hizi. Huezekwa kwa mabamba ya mawe yaliyotundikwa kwenye fito kwa vigingi vya mti wa mwaloni. Makubwa hukaa chini, kwenye ukingo wa paa, kisha kila kozi, yaani mstari wa mabamba, inapungua hadi madogo kabisa kileleni. Kuna akili hapo: maji huongezeka kadiri yanavyoshuka, na bamba kubwa lina viungo vichache vya kuvuja, mzigo mzito unakaa karibu na ukuta, na machimbo hayatoi mawe ya saizi moja, basi kila jiwe linapata kazi. Mteremko ni wa wastani, maana mabamba mazito namna ile hayataki paa lililosimama kama la nyasi.

Nakata kadibodi vipande vya milimita 12 kwa chini, nikishuka hadi 5. Kila kipande nakimega ukingo kwa kucha, kwani mkato wa kisu unaonekana wa kiwandani.

Dohani itafuata, pamoja na vijiwe vilivyotokeza pale inapokutana na paa ili maji yasipenye kwenye kiungo. Hivyo nitavigandisha kwenye dohani kabla ya kuisimamisha, maana paa likishafunga, mkono hauingii.