Rangi ya sakafu ya gereji iliyokuwa inabanduka kila masika

Nyumba yetu Bwiru, Mwanza, iko chini ya mwamba, na kila masika rangi ya epoksi (rangi ngumu ya kuchanganya na kigumishi) gerejini ilivimba malengelenge na kubanduka. Fundi alitaka kuongeza koti jingine. Nilikataa, niliona unyevu unatoka chini. Nikabandika kipande cha nailoni angavu, kama sentimita 45 kila upande, kwenye zege tupu, kingo zote nikaziziba kwa selotepu. Kesho yake ndani kulikuwa na matone. Epoksi haipitishi mvuke, kwa hiyo unyevu unaopanda kutoka ardhini huisukuma mpaka iachie.

Kazi kubwa ilikuwa nje. Maji yote ya mwambani yalikuja kuishia ukutani kwetu. Tulichimba mtaro upande wa mlima, chini ya usawa wa sakafu, tukalaza bomba lenye matundu, tukalifunika kwa kokoto. Ndani tukasaga rangi yote kwa grainda (vaeni barakoa, vumbi la zege huharibu mapafu). Kiangazi nikarudia jaribio la nailoni. Lilipotoka kavu tukapaka praima (koti la kwanza) ya kuzuia unyevu, kisha epoksi. Masika imepita, rangi imeshika.

Wanaojenga sasa, tandikeni nailoni nzito kabla ya kumwaga zege, na msipake chochote kabla ya siku 28.