Siku moja maishani mwangu: Kuitafutia droni nafasi kwenye meli ya barafuni

Saa 1:30 asubuhi. Ofisi yetu ya usanifu wa meli iko Halifax, Kanada, mji ambako meli za doria za Aktiki (bahari ya ncha ya kaskazini) aina ya Harry DeWolf zimeundwa. Umbo la meli hizi lilitokana na Svalbard, meli ya walinzi wa pwani wa Norway. Kila Harry DeWolf ina urefu unaozidi mita 103, huweza kupasua barafu changa (isiyozidi mwaka mmoja) ya unene wa kama mita 1, na tayari ina banda la helikopta, kreni na nafasi ya makontena. Kazi niliyo nayo ni kuona meli ya namna hii itabebaje droni bila kuichora upya.

Saa 2:00. Hesabu za uthabiti, yaani meli isipinduke. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko popote, na ni haki yake. Watu huuliza droni ina uzito gani. Camcopter S-100 ya Austria, kwa mfano, huruka na kilo 200 tu. Si kitu kwa meli ya maelfu ya tani. Kinachonitisha ni manyunyu ya mawimbi yanayoganda juu ya meli. Kanuni za kimataifa zinatutaka tuhesabu kilo 30 za barafu kwa kila mita ya mraba ya sitaha iliyo wazi. Sitaha ya mita za mraba 300 inabeba tani 9 kabla hujaweka chombo chochote! Mteja anataka kontena la futi 20 liwe chumba cha waongozaji, nalo likae juu kabisa ili antena zione mbali. Paa lake peke yake litashika karibu kilo 450 za barafu, zaidi ya droni mbili, tena pale juu. Kitovu cha uzito kikipanda, meli ikilala ubavu inachelewa kuinuka. Nimelikataa wazo hilo, na nimeandika sababu zote.

Saa 5:00. Kikao cha mafuta. Droni nyingi ndogo zenye injini ya mafuta hunywa petroli, na petroli ndani ya meli ya kivita ni hatari isiyo na sababu. Tumekubaliana kupendekeza injini za mafuta mazito tu (ya aina ya dizeli), yasiyotoa mvuke wa kuwaka chini ya nyuzi 60 za Selsiasi.

Saa 7:00. Chakula, haraka.

Saa 7:30. Mwenzangu aliyewahi kuwa baharia wa jeshi anapitia mchoro wa sitaha ya tezi, yaani ya nyuma ya meli. “Ndugu yangu,” ananiambia, “ukiwa katikati ya barafu huigeuzi meli utakavyo.” Ndiyo hoja iliyokuwa ikikosekana. Baharini nahodha hugeuza omo, mbele ya meli, kuelekea upepo ili chombo kitue salama. Barafuni anafuata ufa uliopo, upepo uje unakotaka. Kwa hiyo droni lazima iweze kutua upepo ukiipiga ubavuni, huku hewa ikivurugika nyuma ya banda. Tunaandika sharti hilo juu ya mengine yote.

Saa 9:00. Betri na dira. Betri nyingi za lithiamu hazifai kuchajiwa chini ya nyuzi 0, na zikishika moto ni vigumu kuzizima. Zinahitaji chumba chao chenye joto na mlango wa kuzuia moto. Dira ya sumaku nayo, karibu na ncha ya kaskazini ya sumaku, haitegemeki. Tunataka antena mbili za GPS zitoe mwelekeo.

Saa 11:00 jioni. Kwangu mimi, meli ya droni barafuni ni suala la banda kabla ya sitaha: mahali pakavu, penye joto, pa kuyeyusha barafu kwenye mapanga ya droni na kuvua glavu ufanye kazi. Chumba cha waongozaji nimekishusha sitaha mbili chini, kando ya banda, na juu zimebaki antena peke yake. Fundi wa umeme ataangalia urefu wa nyaya kesho asubuhi.