Gramu 400 za kimea

Burton upon Trent, Uingereza, ni mji wa harufu mbili. Upepo ukivuma upande mmoja, unaleta mvuke wa kimea kutoka viwanda vya bia. Ukigeuka, unakutana na ule uzito wa chumvi wa Marmite, kile kipakwa cheusi cha mkate ambacho kimetengenezwa mjini humo tangu 1902 kutokana na hamira inayobaki kwenye bia. Nilihamia huko kikazi nikiwa simjui mtu, lakini harufu ya kwanza niliijua. Nimekulia Kakamega, Kenya, kwenye boma ambako Kukhu, yaani bibi yangu, alipika busaa, pombe yetu ya kienyeji, na kimea ni kimea, kiwe cha wimbi au cha shayiri.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mzee mstaafu aliyefanya kazi kwenye mapipa ya kiwanda kimoja hapo mjini maisha yake yote. Huko kwao mtu mzima wa miaka sabini na kitu unamwita kwa jina lake la kwanza, na yeye alilitaka hilo. Nililitamka kwa kujilazimisha. Moyoni nilimwita Kuka, yaani babu.

Kila vuli ilipoingia Kuka alipika bita, ile bia ya Kiingereza ya rangi ya shaba, isiyo na povu jingi na yenye kilevi cha asilimia nne hivi, ambayo mtu anaweza kunywa jioni nzima na bado akafika nyumbani kwa miguu yake. Aliipikia kwenye banda la nyuma, galoni 5 kwa mpigo, yaani lita 23. Vuli hiyo alinialika nimsaidie kubeba maji, na ugomvi wetu ukaanza hapo, kabla hata sufuria haijawekwa jikoni.

Nilimwuliza kimea chake anakikaanga saa ngapi. Akanitazama. Kimea cha rangi kinauzwa dukani, akasema, kimeshakaangwa na watu wanaojua kazi yao, kwa pauni chache tu. Nikamweleza busaa inavyopikwa: unga wa mahindi unalowekwa na kuachwa uchachuke siku kadhaa, kisha unatandazwa juu ya bati pana penye moto wa kuni na kugeuzwageuzwa kwa mwiko mrefu mpaka upate rangi ya kahawia, moshi ukikutoa machozi. Ndipo unatiwa maji na kimea cha wimbi. Ule unga uliokaangwa ndio ladha yenyewe. Mwanamke ambaye bati lake linaunguza hapati wateja, na yule anayeuondoa mapema hapati pia. Sasa kazi kama hiyo unamwachia mwenye duka?

Alicheka, lakini siku iliyofuata alinigongea mlango akiwa na mfuko wa Maris Otter, ile shayiri ya Kiingereza iliyotoka miaka ya sitini na ambayo wapika bia wa huko wanaiapia. Alikuwa na sharti moja. Katika kilo 4 za kimea tutakazopika, zitakazokaangwa ni gramu 400, zaidi ya hapo hapana. Sababu yake ilikuwa nzuri. Kimea kikishakaangwa kweli kweli, vimeng'enya vyake vinakufa, na hivyo ndivyo vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Zile sehemu tisa za kimea cheupe kisichokaangwa ndizo zitakazofanya kazi kwa niaba ya ile moja ya rangi. Kwetu hali ni hiyo hiyo: unga uliokaangwa hauwezi kitu peke yake mpaka wimbi lililoota liingie.

Tulitumia oveni yangu kwa sababu mkewe hakutaka kusikia habari hizo. Tulitandaza punje kwenye trei kwa kina cha kidole, moto nyuzi 150, nikawa nafungua mlango kila baada ya dakika kumi na kugeuza. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu, harufu ya nyasi kavu tu. Kama nusu saa hivi nyumba ikaanza kunukia biskuti. Tukapandisha hadi 175, na hapo mambo yakaenda mbio: biskuti ikawa karanga, karanga ikawa ganda la mkate. Kuka alikuwa na kisu kidogo. Kila nilipogeuza, alichukua punje, akaikata katikati na kuiweka kwenye sahani nyeupe karibu na dirisha. Ganda la nje halisemi ukweli, unatazama moyo wa punje. Ilikuwa nyeupe, ikawa rangi ya maziwa ya krimu, ikawa ya asali. Mimi nilikuwa nafuata pua, yeye anafuata kisu, na tulisema "toa" karibu kwa pamoja. Hilo lilimfurahisha kuliko alivyotaka kuonyesha.

Kisha akanitangazia kwamba tutasubiri wiki mbili. Kimea kilichotoka motoni, alisema, kina ukali wa moshi unaoingia kwenye bia na kukaa humo. Kiwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kipumue. Kukhu angemwona mvivu, kwa sababu ndani ya wiki mbili yeye alikuwa amepika, ameuza, na ameanza upya. Lakini nilifungua mfuko baada ya siku kadhaa nikanusa, na kweli kile kishindo cha kwanza kilikuwa kimepungua.

Katika kusubiri huko ndipo tulipozungumza habari za sheria. Kuka alikumbuka wakati ambapo Mwingereza aliyetaka kupika bia nyumbani alihitaji leseni. Sharti hilo liliwekwa 1880, enzi za Waziri Mkuu Gladstone, na Reginald Maudling, akiwa Waziri wa Fedha, akalifuta katika bajeti ya 1963. Tangu hapo unapika utakavyo, mradi huuzi. Mimi nikamsimulia siku ambazo mtoto alikuja mbio kutoka barabarani, na mitungi ya Kukhu ikafunikwa majani ya migomba kabla wageni hawajaingia. Alinisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama majani ya migomba yanaleta ladha. Huyo ndiye alivyokuwa.

Siku ya kupika aliongeza kijiko cha jasi, yale madini meupe ya plasta, kwenye maji ya bomba. Nilicheka sana. Mji huo ulipata sifa yake ya bia kwa ajili ya jasi. William Bass alianza kupika hapo 1777, na maji ya visima vya Burton, yaliyopita kwenye miamba ya jasi, ndiyo yaliyoipa bia yao ule ukavu unaoukaza uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia. Wapika bia wa miji mingine huongeza jasi ili waige Burton. Kuka aliongeza akiwa Burton kwenyewe, maana bomba si kisima.

Kimea kilichosagwa tulikilowesha kwa nyuzi 67, saa nzima, pipa limefunikwa blanketi. Akachukua tone kwenye sahani, akadondoshea ayodini. Haikugeuka buluu, maana yake wanga umekwisha. Tulichuja na kuchemsha, hopsi za Fuggle mwanzoni kwa ajili ya uchungu, Goldings mwishoni kwa ajili ya harufu. Machicha nilitaka kuyabeba kwa ajili ya kuku, nikakumbuka sina kuku.

Bia ilichachuka kwa siku chache kwenye ubaridi wa banda, ikakaa ikatulia, tukaitia kwenye chupa. Jioni ya kuifungua nilimpigia Mama kwa video. Alipoona glasi mbili, si mtungi wa busaa wa kunyonya kwa mirija, aliuliza, "Na mirija iko wapi?" Akauliza tena kama ni ya moto au ya baridi, swali ambalo kila mhudumu wa baa Kenya hukuuliza kabla hujakaa. Nikamwambia si moto si baridi, imetoka chini ya ngazi.

"Basi hamjaamua," akasema.

Ilikuwa kavu, yenye ganda la mkate na karanga, na uchungu uliokuja nyuma bila haraka. Niliipenda moja kwa moja. Kuka alimaliza glasi yake, akasema imekosa utamu, kwamba kimea chake cha kristali, kile cha rangi cha dukani, kingejaza mdomo. Nikamwambia utamu ndio unaoficha ladha ya moto. Akasema safari ijayo gramu 200 zangu na 200 zake. Nikasema 300 kwa 100. Tulifungua chupa nyingine ili tujue nani ana haki, na mkewe akaja kumwita akiwa amefika 250.