Siku moja bandani: kinda mwekundu na baba wa kwenye karatasi

Saa 11:40 alfajiri

Kabla sijafungua mlango huwa nasimama nje kidogo nikisikiliza. Njiwa wazima hawanyamazi kukipambazuka. Dume mmoja akianza, wengine wanaitikia. Leo wameitikia. Nikiingia, macho yanaanza chini kwenye vinyesi, ndege baadaye. Kinyesi kigumu chenye kofia nyeupe hakinisumbui. Chini ya kisanduku cha nne kuna cha kijani, cha majimaji, na aliyekaa juu yake amejivimbisha manyoya. Namhamishia kizimba cha pembeni. Naye atachukuliwa sampuli, maana sirkovirusi hudhoofisha kinga ya njiwa wadogo kimyakimya, na kwa macho tu huwezi kujua kama ni hiyo au ni bakteria wa salmonela.

Saa 12:30 asubuhi

Maji, nafaka, kukwangua sakafu. Hakuna cha kusimulia.

Saa 1:45 asubuhi

Kuvisha pete makinda wawili wa siku saba. Unakusanya vidole vitatu vya mbele, unapitisha pete, cha nyuma unakilaza sambamba na mguu kisha unakichomoa taratibu. Ukichelewa siku chache haipiti tena; ukiwahi mno utaikuta kiotani.

Kisha kitabu: namba ya pete, mama, baba. Kwa miaka mingi safu ya baba nimeijaza bila kufikiri. Dume anayeatamia ndiye baba, nani mwingine?

Saa 3:00 asubuhi

Mtoto wa kaka yangu amekuja kunisaidia kuchukua sampuli za vinasaba za makinda wa wiki tatu na ushee. Ameshika vijiti vya pamba.

"Baba mdogo, si tuwapitishie hivi mdomoni tu? Manyoya ya nini, tunawaumiza bure."

Swali zuri, na mimi mwenyewe liliwahi kunipita. Kinda wa njiwa analishwa mdomo kwa mdomo. Siku zake za mwanzo anaishi kwa maziwa ya njiwa, na hayo si maziwa kama ya ng'ombe: ni chembe zinazobanduka kwenye ukuta wa kifuko cha chakula shingoni mwa wazazi, baba na mama wote wawili. Hata akianza kupewa nafaka, inatoka humohumo. Ukipitisha pamba mdomoni mwake unaweza kupeleka maabara vinasaba vya baba yake ukidhani ni vyake. Kwa anayetafuta baba ni nani, hilo ni balaa.

Kwa hiyo tunang'oa manyoya machache ya kifuani, yale machanga ambayo shina lake bado lina uhai. Unyoya uliookotwa sakafuni haufai. Shina haliguswi kwa vidole. Bahasha ni ya karatasi, kwa sababu ndani ya plastiki unyevu huleta ukungu na sampuli inaoza. Namba ya pete inaandikwa kwenye bahasha kabla ya kumshika ndege. Halafu tunanawa, ndipo tunamshika anayefuata. Damu nayo ingefaa, na tone moja tu lingetosha, kwani chembe nyekundu za damu za ndege zina kiini, tofauti na zetu. Ila mkono wangu hautulii na sindano.

Saa 4:20 asubuhi

Simu inalia: majibu ya sampuli za mwezi uliopita. Nilituma makinda wawili tu wa kiota kimoja, 211 na 212, nijue dume na jike. Njiwa hawajitambulishi kwa sura. Ukisubiri tabia zao ziseme, unaweza kungoja karibu nusu mwaka. Maabara wanaangalia jeni iitwayo CHD1, iliyopo kwenye kromosomu Z na pia W, zile zinazoamua jinsia ya ndege, lakini kwa urefu tofauti. Dume ana Z mbili, hivyo kwenye kipimo unaonekana mstari mmoja. Jike ana Z na W, hivyo inaonekana miwili.

211, jike. 212, jike.

Nikaweka simu mfukoni. Nikaitoa tena.

Mama yao, Kutu, ni mwekundu wa majivu. Baba yao, Kijivu, ni wa bluu, rangi ya njiwa-mwitu. Jeni inayoamua rangi hizo imekaa kwenye Z, na wekundu huishinda bluu. Mama humpa mtoto wa kiume Z yake, na wa kike humpa W. Maana yake, kwa jozi hii, kila dume atakuwa mwekundu kama mama na kila jike atakuwa wa bluu kama baba. Hakuna njia ya kati. 211 ni wa bluu, sawa. Lakini 212 ni mwekundu, na wanasema ni jike.

Kitu cha kwanza kukishuku ni mikono yangu. Je, nilibadilisha bahasha? Hata ningebadilisha, majibu ya wote wawili ni jike. Nikaenda kumtazama. Dume mwekundu aliyeficha bluu ndani yake kwa kawaida huwa na vitone vyeusi kwenye manyoya; jike hana nafasi ya kuvipata, kwa sababu Z yake ni moja tu. Nilifungua bawa, nikafungua mkia. Safi. Kwa kinda vitone huwa vichache na huongezeka na umri, kwa hiyo sikuapa, lakini moyo ulishajua.

Wekundu wake haukutoka kwa mama. Umetoka kwa dume mwekundu, na banda hili lina mmoja: Mdadisi, wa kisanduku cha jirani. Tunapenda kusema njiwa ni waaminifu. Wanaishi wawili wawili, hilo kweli, lakini dume akimkuta jike wa mwenzake sakafuni haulizi. Na mayai mawili hayatagwi pamoja. La pili hufuata baada ya saa 44 hivi, na kila moja hurutubishwa kivyake. Kiota kimoja, baba wawili, inawezekana kabisa.

Saa 6:15 mchana

Nampigia mzee aliyenifundisha ufugaji. Anasikiliza hadi mwisho, kisha: "Mwanangu, yai la kwanza ni dume, la pili ni jike. Hao wa maabara wamekosea."

"Mzee, mayai naweka alama ya penseli siku hizi. La kwanza limeshanipa majike mara nyingi tu."

"Basi penseli yako ndiyo imekosea." Tukacheka. Sikumkumbusha kwamba kwa ndege jinsia inaamuliwa na mama, maana huo ungekuwa mjadala wa siku nzima.

Saa 8:00 mchana

Mteja wa mbio za njiwa anauliza kama nina kinda mwenye "jeni ya ushindi". Namjibu nilivyowajibu waliomtangulia. Zipo jeni zinazopimwa: LDHA, inayohusika na kimeng'enya cha misuli kinachogeuza piruveti kuwa lakteti, na DRD4, inayohusika na dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo. Tafiti zimehusisha baadhi ya aina za jeni hizo na matokeo ya mashindano. Lakini mbio ni mapafu, misuli, manyoya, dira ya kichwani, malezi na bahati ya hali ya hewa. Jeni zinazochangia ni nyingi na kila moja inasukuma kidogo. Mimi kipimo hicho nakitumia kuchagua kati ya ndugu wawili ambao kapu la safari, yaani kuwapeleka mbali na kuwaachia warudi, limeshindwa kuwatenganisha. Kumnunua ndege kwa karatasi hiyo peke yake, hapana. Amesema atafikiria. Sidhani atarudi.

Saa 9:30 alasiri

Mdadisi amekamatwa, manyoya yamo kwenye bahasha, bahasha imekwenda pamoja na za asubuhi. Vinasaba vya Kijivu na Kutu viko maabara tangu zamani. Watalinganisha vipande vifupi vya vinasaba vinavyojirudia, sehemu kadhaa za kromosomu: kila sehemu kinda lazima awe amechukua kimoja kwa baba na kimoja kwa mama. Kijivu akikosekana sehemu kadhaa, ameondoka kwenye orodha. Na tutajua pia kama Kutu ndiye mama kweli, maana leo nimeacha kumwamini kila mtu.

Saa 11:00 jioni

Nawafungulia waruke. Huu ndio muda wangu. Wakigeuka wote kwa pamoja naona madoadoa ya mabawani, na siku hizi siwezi kuyaona bila kukumbuka utafiti wa 2018 ulioonyesha kwamba madoa hayo yaliingia kwa njiwa wa kufugwa kupitia spishi nyingine, Columba guinea wa Afrika. Jeni ni NDP. Jeni hiyohiyo, ikiwa na kasoro nyingine, hutoa bawa tupu lisilo na mistari, na ndege wa namna hiyo wanajulikana kuwa na shida ya kuona. Mwenye nakala moja tu ya kasoro hiyo huwa na mistari yake kama kawaida, humtambui. Hapo kipimo nakiheshimu kuliko kwenye hadithi za ushindi: kinaonyesha ubaya uliojificha kabla sijaunganisha wawili waliouficha wote.

Saa 2:10 usiku

Daftari la kupanga jozi. Msimu ujao nilikuwa nimpe 212 dume 187, mtoto wa Mdadisi. Kwenye karatasi hawana undugu wowote. Kama ninayoyashuku ni kweli, ni ndugu wa baba mmoja, na watoto wao wangezaliwa na asilimia 12.5 ya uzaliano wa ndugu kwa ndugu ambayo nisingeijua. Na ningeendelea kuzalisha juu ya kosa hilo, kizazi baada ya kizazi, huku nikijisifu kwa rekodi nzuri.

Nimemfuta 187. Kutu na Kijivu nimewafungia kisanduku chao hadi mayai yajayo yatagwe. Kwenye mstari wa 212, safu ya baba, nimeandika alama ya kuuliza kwa penseli. Kisha nikageuza kurasa kurudi nyuma, nikihesabu vipindi ambavyo Mdadisi alikaa kisanduku cha jirani.

Ni misimu minne.