Kasri la Wallenstein kwa maboksi: wiki ya sita

Ukuta wa mbele umesimama, ila haujanyooka. Madirisha, safu tatu, nimeyakata moja moja kwa wembe, na nilipofika safu ya pili mkono ulishachoka. Ukisogea karibu utaona yamelalia kulia kama abiria wa daladala kwenye kona. Nimeyaacha hivyo hivyo.

Kasri lenyewe liko Malá Strana, mtaa wa kale wa Prague ulio chini ya ngome ya wafalme. Kipimo changu ni 1:200. Albrecht von Wallenstein, jemadari wa Kaisari wa Dola Takatifu la Roma, alianza kulijenga mwaka 1623. Mwaka 1620 Waprotestanti wa Bohemia, nchi ya Prague yenyewe, walikuwa wameshindwa vita vya Mlima Mweupe, mali zao zikanyang'anywa, na jemadari akajinunulia nyingi kwa bei ya kutupa.

Kiwanja nacho hakikuwa kitupu. Zilivunjwa nyumba zaidi ya ishirini, zikaondoka bustani na tanuri la matofali. Jambo hili lilinikaa kichwani siku mbili. Mwishowe nikachora vijumba ishirini na kitu kwa penseli kwenye ubao wa chini, kisha nikagundisha kasri juu yake. Hakuna atakayeviona.

Kazi iliyonitoa jasho ni ule ukuta wa bustanini, uliofanywa ufanane na chokaa iliyodondoka pangoni; wageni husimama hapo kutafuta nyuso na wanyama waliojificha. Nililoweka trei za mayai, nikaziponda. Mara ya kwanza maji yalizidi, siku ya tatu ukaota ukungu, na mama watoto akautupa bila kuniuliza. Mara ya pili nilitia gundi ya mbao, nikawa nadondosha kwa kijiko kuanzia juu. Mpaka sasa umetoka uso mmoja tu. Binti yangu anasema ni chura.

Paa la ukumbi mkubwa litakuwa la kufunua, ili dari ionekane. Huko Baccio del Bianco alimchora mwenye nyumba kama Mars, mungu wa vita wa Warumi, juu ya gari lake la farasi. Mungu huyo hakukaa sana: Februari 1634 aliuawa mjini Cheb, Kaisari akiwa amekwisha kumwona msaliti.

Kuhusu sanamu za bustani nimeamua: mfano wangu ni wa mwaka 1649. Zile za shaba nyeusi alizozisubu Adriaen de Vries zilibebwa na jeshi la Sweden mwaka 1648, na ziko Drottningholm, karibu na Stockholm, mpaka leo. Zinazosimama bustanini sasa ni nakala. Kwangu vitako vya kusimamishia sanamu vitabaki vitupu. Nakiri uvivu nao umo, maana mtu wa sentimita moja simuwezi.

Wiki ijayo napaua. Maboksi ya biskuti niliyopata yana maandishi mekundu pande zote, kwa hiyo rangi itapakwa mara mbili.